Mwamba Niliouandika Mwenyewe

Msemaji wa tatu aliposema kwamba marehemu "aliichora ile barabara ya Mara kwa upendo wa wananchi", nilikohoa kwa nguvu mpaka mama aliyekaa mbele yangu akageuka kunipa chupa yake ya maji. Sikuwa na kikohozi. Nilikuwa na hasira, na msibani hasira haina pa kutokea isipokuwa kooni. Tulikuwa tumekaa chini ya turubai nyumbani kwa marehemu, Mhandisi Kasembe, nje kidogo ya Morogoro, wengi wetu wastaafu wa ujenzi, magoti yanauma, ratiba za mazishi mkononi tunazigeuza vipepeo. Msemaji alikuwa kijana wa suti ambaye nadhani hajafika Serengeti hata kwa kuangalia simba. Akatusomea jinsi marehemu alivyokutana na mwamba usiopasuka mbele ya Ringwani, na jinsi alivyotumia busara yake kuuzunguka. Watu wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Mwamba! Mimi nilijua mwamba ule umetoka wapi. Ulitoka kwenye kalamu yangu, biki ya bluu, katika chumba namba nne cha gesti moja pale Mugumu, mchana kweupe, na niliuandika kwa mwandiko mzuri kwa sababu tangu shuleni nilikuwa nikisifiwa mwandiko.

Baada ya kuzika, Sospeter alinikuta kwenye foleni ya pilau. Sospeter ndiye aliyekuwa dereva wetu mwaka ule tulipoipima barabara hiyo, na ingawa sasa meno mawili ya mbele hana, bado ana tabia ya kucheka kabla hajasema. "Dada Zaituni," akasema, "umesikia kule kwetu wanaweka lami? Nilipita juzi juzi na gari la mwanangu. Wapimaji wamejaa, vijana watupu, na mashine zao za kisasa." Nikamuuliza wanapita wapi. Hapo akaacha kucheka. "Si kule kule tulikozungukia sisi. Wanasema ripoti ya zamani inaonyesha kuna mwamba." Nikamuuliza habari za zahanati iliyokuwa ikiingoja barabara ile. "Ipo," akasema. "Wanafungia mbuzi." Nilitoka kwenye foleni na sahani tupu, nikaenda kukaa kwenye benchi la nyuma, na nilipokuwa pale niliamua kwamba kabla ya kurudi kwangu Dodoma nitapanda basi la Mara.

Watu wengi wanadhani barabara ndogo za mikoani hufuata ardhi. Hawajui. Nimezipima zaidi ya miaka thelathini, na nawaambia kwamba nyingi zinafuata njia za ng'ombe, nyingine zinafuata nyumba ya diwani wa wakati huo, na nyingine zinapinda kwa sababu siku fulani mtu fulani aliogopa. Wewe ukiwa ndani ya gari unaiona kona, unashika kiti, unaamini chini yake kuna sababu ya maana. Ile yetu inaiacha njia iliyonyooka, inakata kushoto, inashuka kwenye mbuga ya udongo mweusi ambako kila masika malori hulala siku mbili tatu, inauzunguka mlima mzima, kisha inarudi kuikuta ile njia iliyonyooka upande wa pili. Vijiji viwili vilivyoko katikati nitaviita Nyansereka na Gesimba, maana wenyewe wana haki ya kukasirika wakiona majina yao kitabuni. Tangu mwaka ule wamekaa wanaangalia vumbi la magari kwa mbali.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, mtoto wa Kondoa, nimetoka chuoni na cheti cha upimaji, na sijawahi kuona mtu amekwenda sokoni na upinde. Mhandisi Kasembe alilala Mugumu na kuja kila asubuhi na Landrover. Mimi kazi yangu ilikuwa kusimamia mashimo ya kupima udongo, kazi inayoanza alfajiri, na kwa kuwa nilikuwa msichana peke yangu kwenye timu, nilitafutiwa chumba Nyansereka kwa Mama Gati. Chumba kile nakikumbuka kuliko chumba chochote nilicholala maishani. Kuta zake zilisiribwa kwa samadi na majivu, kikiwa kikavu na safi, na juu ya kitanda cha kamba ilining'inizwa baiskeli isiyo na tairi la mbele ambayo kila nilipojigeuza nilihofia itaniangukia. Pembeni kulikuwa na magunia mawili ya wimbi. Dirisha lilitosha uso mmoja tu, na asubuhi uso huo ulikuwa wa Mama Gati akiuliza kama nimeamka.

Aliponipokea siku ya kwanza alinishikisha kuku na kisu. "Chinja mwenyewe, mwanangu," akasema, "maana najua ninyi mna utaratibu wenu, na mimi sitaki ulale njaa kwangu." Hakuwahi kuishi na Mwislamu. Alikuwa Msabato wa kupindukia, hanywi hata chai ya rangi, ingawa kaka yake mmoja aliyekuwa ng'ambo ya mpaka, Kenya, alimletea majani ya chai kila mara na yeye akawa anawapikia wageni bila kuonja. Nilikula kwake ugali wa mihogo na wimbi, mweusi, unaovutika, ambao wiki ya kwanza niliumeza kwa adabu na wiki ya tatu nikawa naudai. Nilikula mgagani uliochemshwa na maziwa mpaka uchungu ukaisha. Nilikunywa maziwa ya mgando yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Nalitaja kila tonge kwa makusudi, kwa sababu nataka msomaji ajue kwamba sikuwa mpita njia katika nyumba ile. Nilikuwa nalishwa.

Mama Gati alikuwa na shauri moja tu duniani mwaka ule, nalo ni zahanati. Mwanawe wa kwanza, Gati mwenyewe, alikuwa amekufa kwa degedege akiwa na miaka minne, mgongoni kwa baba yake, nusu ya njia kwenda hospitali. Alinieleza mara moja tu, akiwa anapepeta mahindi, na hakusimamisha ungo. Baada ya msiba ule aliwakusanya wanawake, wakaanza kubeba mawe kutoka mtoni kila Jumanne kwa vichwa, na nilipofika mimi kuta zilikuwa zimesimama na bati limepigwa. Wilaya ilikuwa imewaandikia barua: siku gari litakapoweza kufika pale mwaka mzima, wataletewa muuguzi na dawa. Barua ile ilikaa ndani ya Biblia yake, na jioni alinipa nimsomee ingawa alikuwa anajua kusoma vizuri kuliko mumewe. Nadhani alipenda kuisikia kwa sauti ya mtu wa serikali. Njia iliyonyooka, ile tuliyokuwa tunaipima, ingepita hatua mia moja kutoka mlango wa jengo lake.

Sasa nieleze upumbavu, na nianze na wa kwetu. Nyansereka na Gesimba ni vijiji vya koo mbili, na zilikuwa zimepigana sana huko nyuma kwa ajili ya ng'ombe na mashamba. Vita vya mwisho vilikwisha alipokuja ofisa mmoja akatembea na wazee wa pande zote, wakapanda mikonge mstari mmoja, na kila mtu, hata mtoto, aliuita mstari wa serikali. Mikonge ile ilikuwa imeliwa na moto na ng'ombe, mstari ukabaki vichwani tu. Katika hali hiyo Mhandisi Kasembe aliitisha mkutano wa kutambulisha kazi yetu. Aliuitisha Gesimba. Aliuitisha siku ya Jumamosi, wakati Nyansereka nzima iko kanisani imefumba macho. Akapanda juu ya bampa la gari, akaongea muda mfupi kuliko wa kuvuta sigara moja, na maneno aliyoyasema ni haya, nayakumbuka neno kwa neno: "Tutaweka vigingi. Huu ni mstari wa serikali. Atakayeugusa atashughulikiwa." Akashuka, akaonyeshwa mbuzi.

Mbuzi ndiye aliyemaliza kila kitu. Mwenyekiti wa Gesimba alikuwa mkarimu na mkewe alijua kuchoma, basi kila siku saa saba timu nzima iliacha vyombo ikaenda kula huko mpaka saa tisa na nusu. Kwa Kasembe ilikuwa chakula tu. Mtu yeyote aliyekaa wiki mbili pale angemwambia kwamba ofisa anayepima kati ya koo mbili hali upande mmoja, na akila kwa huyu lazima aonje na kwa yule, hata kama ni tonge moja la kuzuga. Wazee wa Nyansereka walimwalika mara mbili. Mara ya kwanza alisema ameshiba. Mara ya pili hakujibu.

Asubuhi moja tulikuta kila kigingi kimepandiwa mche wa mkonge ubavuni, udongo bado mbichi. Kasembe alicheka. "Wanatupambia," akasema. Kesho yake baada ya chakula tulikuta vigingi kumi na viwili vimehamia mashariki, ndani ya mashamba ya Gesimba, kila kimoja na mkonge wake, vimenyooka vizuri kama vilivyopimwa. Keshokutwa yake vilikuwa vimehamia magharibi. Wakati sisi tunatafuna mbavu, mstari wetu ulikuwa unatembea, leo huku, kesho kule, na Kasembe akaanza kuwatukana vibarua kwamba hawajui kusoma kipimo. Ningependa kusema nilielewa siku ile ile. Sikuelewa. Nilipima upya, nikafuta, nikaandika, nikafuta.

Nilielewa jikoni kwa Mama Gati. Ilikuwa saa kumi na moja hivi, jua bado lipo, nami nilikuwa namsaidia kupukuchua mahindi. Nje, nyuma ya ukuta, mumewe Mzee Marwa alikuwa amekaa na jirani yake Chacha, na ukuta ule haukuzuia neno.

"Mura, ndugu yangu, tumeshauzwa," Chacha alisema. "Yule bwana anakula kwao kila siku. Umeona wapi mtu anakula kwako halafu anakukata?"

"Mpaka wa zamani ulipita kisimani," akajibu Marwa. "Leo umeingia kwangu hatua arobaini. Shamba la baba yangu limekwenda."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kesho wakienda kula, tunaurudisha. Na tunawaongezea hatua kumi za usumbufu."

Wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika gunzi mkononi. Mama Gati akasogeza ungo, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hivi mwanangu, mkishamaliza huo mpaka wenu, barabara mnaanza lini?"

Nimelirudia swali hilo maisha yangu yote. Lilihitaji jibu la maneno manne: vigingi hivyo ndiyo barabara. Lakini Kasembe alikuwa ametukataza, sisi sote, kumweleza mwananchi yeyote barabara itapita wapi, eti watu watakimbilia kujenga vibanda na kupanda migomba njiani ili walipwe. Siri ya kazi, alisema. Na mimi nilikuwa mwajiriwa wa miezi michache, nimeipata kazi kwa jasho, nikaona afadhali nimfikishie mkubwa wangu kuliko kuvunja amri yake jikoni kwa mtu. Nikamjibu, "Tutaanza karibuni, mama." Akaridhika, akaendelea kupukuchua.

Kesho yake nilimwambia Kasembe mbele ya sahani ya nyama. Nilimweleza yote: mikonge, Jumamosi, mbuzi, kwamba wanadhani tunawachorea mpaka wa koo, na kwamba mkutano mmoja tu Nyansereka, siku isiyo Jumamosi, ungetosha. Alinisikiliza akinyonya mfupa. "Zaituni," akasema, "mimi si mwalimu wa darasa la kwanza. Nimeshawaambia mstari wa serikali, wao wanataka nini tena?" Wenzangu wakacheka kwa sababu yeye alicheka. Sospeter peke yake hakucheka, na nadhani ndiyo sababu tumebaki marafiki.

Siku tatu baadaye tuliporudi kutoka kwenye chakula, wanaume walikuwa wamesimama kwenye mstari, wa Nyansereka upande huu na wa Gesimba upande ule, mapanga na pinde mikononi, katikati yao vigingi vyetu vimelundikwa. Hakuna aliyepigwa. Walikuwa wanatungoja sisi tuseme, mara moja na kwa wote, mpaka uko wapi. Ilikuwa nafasi ya mwisho, na nafasi nzuri, maana wote walikuwepo na wote walikuwa kimya. Kasembe aliingia garini akafunga vioo vyote, kwenye jua lile, akapiga dashibodi kwa kiganja akimwambia Sospeter aondoe gari. Mtu mmoja akarusha kigingi, kikapasua taa ya mbele. Tukaondoka. Sikuruhusiwa hata kwenda kuchukua begi langu, na Sospeter ndiye aliyelifuata wiki iliyofuata. Mama Gati alikuwa ameninyooshea nguo zote.

Kule gesti Kasembe alinikalisha kwenye kitanda, yeye akakaa kwenye kiti kimoja kilichokuwepo. Mezani kulikuwa na sahani yenye mifupa ya sato, nzi wanaizunguka. Akaniambia niandike kwamba njia ya katikati ina mwamba mfululizo usiofaa, na kwamba inapendekezwa kuuzunguka mlima.

"Mwamba gani, mzee?" nikamuuliza. "Mashimo yote nimeyasimamia mimi. Ni udongo mwekundu na changarawe mpaka chini."

"Umeajiriwa lini wewe?"

"Mwezi wa pili."

"Basi bado uko kwenye majaribio, na mimi ndiye nitakayeandika kama umefaa. Unataka niwaambie makao makuu kwamba mhandisi mzima amefukuzwa na wazee wenye mikonge?"

Nikaandika. Na hapa ndipo ninapotaka kuwa mkweli, kwa sababu kwa miaka thelathini na tano kisa hiki, kila nilipokisimulia, kimekuwa kikiishia hapo, kwa mnyonge aliyelazimishwa. Kasembe alisema mwamba. Hakusema kina chake. Kina niliongeza mimi, shimo kwa shimo, namba zinazopishana kidogo kidogo ili zifanane na ukweli, maana niliona ripoti isiyo na namba haitaaminika. Nikasaini mahali palipoandikwa "aliyepima", yeye akasaini chini yangu, akaniagizia soda.

Miezi iliyobaki ya mwaka ule niliimalizia kwenye njia ya kuzunguka. Greda lilianza kuuzunguka mlima mwezi wa nane. Wachimbaji wa dhahabu wa Kewanja na Genkuru waliovuka mto kutafuta mahindi walisimama kutushangaa, wakituuliza kwa nini tunapita kwenye tope na kavu iko pale juu, na mafundi wetu wakawajibu kwamba juu kuna mwamba. Siku moja Mama Gati aliteremka na kibuyu cha maziwa. Alikuwa ametembea tangu asubuhi, miguu imejaa vumbi, akanitafuta kati ya watu wote mpaka akaniona nyuma ya darubini. Aliangalia greda kwa muda mrefu. "Mwanangu," akaniuliza, "hii ndiyo ile ya kwetu, au ya kwetu inafuata?" Nikamjibu, "Inafuata, mama." Nikanywa maziwa yake. Mwezi wa kumi na mbili nilithibitishwa kazini na kuhamishiwa Tabora.

Kwa hiyo msibani, nilipokohoa, nilikuwa namkasirikia marehemu, na marehemu alistahili. Alikuwa mwoga mwenye cheo, na waoga wenye vyeo ndio waliozipinda barabara za nchi hii. Nawakasirikia hata wazee wale, Marwa na Chacha na wenzao wa Gesimba, waliohangaika na hatua arobaini za shamba mpaka wakapoteza njia ya kupeleka mazao yao na wagonjwa wao. Lakini hasira ya kumkasirikia mtu mwingine ni starehe. Nimejistarehesha nayo vya kutosha, na ndani ya basi, mahali fulani baada ya Bunda, iliniishia ikabaki ile nyingine.

Mama Gati sasa ana miaka sabini na kitu. Amekuwa mwembamba, lakini macho yake yanaona mbali, na alinitambua kabla pikipiki haijazimwa. Nilimpa shikamoo, akaitikia akishika mikono yangu yote miwili, akauliza kwa nini sina mwili. Marwa alishafariki. Nilikaa kwenye kigoda, na kabla ya maji ya kunywa hayajaletwa nikamwambia kila kitu, kuanzia mkonge wa kwanza mpaka namba nilizozitunga. Hakunikatiza. Aliyazoa maneno yangu yote, akauliza polepole:

"Kwa hiyo vile vijiti ndivyo vilikuwa barabara."

"Ndiyo, mama."

"Haikuwa mpaka."

"Haikuwa mpaka."

"Mimi nimezaliwa wapi, Zaituni?"

Nikasema sijui.

"Umekaa kwangu miezi minne, hujui. Nimezaliwa Gesimba. Bati la kaka yangu lile pale unaliona. Hapa nusu ya wake ni mabinti wa kule, na kule nusu ni mabinti wa hapa. Yale mawe nilibeba na dada zangu wa kule, wanaume wakijifanya hawaoni. Ungeniambia siku ile jikoni, ningevuka asubuhi yake. Tungekaa juu ya vijiti vyenu, wanawake wa pande zote mbili, na nani angetutoa? Angemtoa dada yake? Angemtoa mama wa watoto wake? Tungekaa mpaka greda lije lituombe njia." Sauti ilikuwa imepanda, na watoto uani wakaacha kucheza. "Mimi nilidhani kuna mwamba. Miaka yote nimemwuliza Mungu kwa nini aliweka mwamba pale."

"Nilikatazwa kusema, mama."

"Ulikatazwa kusema. Kula hukukatazwa."

Sikuomba msamaha baada ya hapo, kwa sababu ningekuwa naomba kitu kingine tena katika nyumba ile. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema kwamba kesho vijana wa lami wana mkutano kwenye ofisi ya kijiji, na kwamba nitakwenda naye. Hakuuliza kama nataka. Akanionyesha mahali pa kulala.

Ofisi ilijaa mpaka madirishani. Mhandisi wao ni kijana mpole, ametokea Mbeya, na alinipa shikamoo bila kujua mimi ni nani. Alieleza kwa uvumilivu, akiwaonyesha ramani kwenye kishikwambi chake, kwamba usanifu umefuata njia iliyopo kwa sababu uchunguzi wa zamani ulikuta mwamba katikati, na kwamba serikali haiwezi kupoteza fedha kulipua mwamba. Nikasimama. Nikasema hakuna mwamba, ni udongo mwekundu na changarawe. Akatabasamu kama wanavyotabasamu kwa wazee. "Mama, ile ripoti ilisainiwa na wataalamu."

"Ilisainiwa na watu wawili," nikamwambia. "Mmoja tumemzika wiki iliyopita. Mwingine ni mimi, na zile namba nilizitunga."

Aliniuliza jina langu kamili, akalitafuta kwenye kishikwambi, akalipata. Niliona alipolipata. Akasema hawezi kuahidi chochote, ila kabla ya wiki kwisha atachimba mashimo matatu pale juu mbele ya wananchi. Mwenyekiti alitaka kufunga mkutano kwa hilo, watu wapige makofi waende, lakini kwenye benchi la nyuma mzee mmoja alikuwa amesimama. Hakumwangalia kijana wa Mbeya. Aliniangalia mimi.

"Mke wangu tulimbeba kitandani kuuzunguka mlima," akasema. "Alikata roho kwenye mbuga. Ni kwa ajili ya mwamba wako?"

"Ndiyo," nikamjibu.

Akakaa. Akasimama mama mmoja akataja mtoto, na mwaka. Nikamjibu ndiyo. Wakasimama wengine, wa Nyansereka na wa Gesimba, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alitaja jina akangoja, nami nikamjibu kila mmoja peke yake, kwa sababu nilihisi nikijibu kwa jumla nitakuwa nimekimbia tena. Mwenyekiti aliacha kugonga meza. Wa mwisho kusimama alikuwa Mama Gati, akijishikiza kwenye bega la mtu wa mbele yake. "Mkwe wangu Nyangi," akasema, "na mtoto tumboni." Usiku wa jana yake nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha nyumba yake, na hakuwa amenitajia jina hilo.

"Ndiyo, mama," nikasema.